Kuonja Mfereji

Alfajiri, jogoo wa Bay Khiem hajamaliza ugomvi wake,
nashuka ngazi ya mfereji, ubao wa tatu umeoza,
nachovya kidole, nakiweka ulimini,
nahesabu hadi tano.
Nyumba kumi na moja zinanisubiri.
Nikitema, lango la maji linabaki limefungwa.
Nikimeza, Bay Khiem anazungusha gurudumu lenye kutu
na mpunga wa watu unakunywa.

Kazi hii nilipewa baada ya kiangazi kile kirefu,
bahari ilipopanda Mekong kama mgeni asiyebisha hodi,
ikapita soko, ikapita pagoda,
ikaja kuketi jarubani kwangu.
Mpunga ulikuwa na mimba.
Ukanyauka nayo tumboni.
Tulivuna mapepe, magunia mepesi
ambayo mtoto angeyabeba mawili mawili.

Watu husema mzee amekula chumvi nyingi.
Mimi nimekula ya miaka sitini na minne.
Mpunga wangu uliila yote hiyo kwa wiki tatu.

Tangu hapo tumejifunza kugeuka.
Mvua ikija, mpunga. Mvua ikikatika, kamba.
Shamba lilelile, tuta lilelile:
miezi sita marehemu baba angelitambua,
miezi sita angeuliza ni la nani.
Mbegu ni ile fupi, ya siku tisini.
Haina harufu ya ile ya mama,
ila inaiva kabla bahari haijarudi kudai.
Mitungi ya mvua imepangwa ukutani, kumi na minne,
na wa mwisho haufunuliwi kabla ya mwezi wa nne
hata akija mkwe.

Usidhani tulikubaliana kwa upole.
Mwenye kamba anataka lango wazi,
mwenye mpunga anataka lifungwe,
na usiku mmoja Tu Luong alikuja na msumeno
akakata mnyororo.
Asubuhi mkewe akaniletea bata wawili, hakusema kitu.
Mmoja nilimchinja. Wa pili nilimrudishia.
Ndipo tukaandika kalenda, tukaibandika langoni,
jua likaifuta kabla hatujaizoea.

Mwanangu Thinh yuko Binh Duong, anabandika soli za viatu.
Kila mwezi anatuma pesa, kila mwezi anauliza:
Mama, bado mnalima?
Kana kwamba ninaugua kitu.

Sasa lililonipata Jumanne.
Nilichovya, nikaonja, nikameza.
Maji baridi, nikasema. Fungua.
Bay Khiem tayari ameshika gurudumu.
Mjukuu wangu Diem, miaka kumi na miwili,
akachovya kile kipimo chake cha manjano walichopewa shuleni,
akakitazama, akakikung'uta, akakichovya tena.
Nne nukta tatu, Bibi.
Nikaonja tena. Baridi.
Nikaonja mara ya tatu, nikatafuta pembeni mwa ulimi,
chini yake, penye pengo la jino.
Hakuna kitu. Maji ya utotoni kabisa.

Hakuna aliyecheka. Bay Khiem aliliachia gurudumu polepole
kama mtu anayelaza mtoto.
Nami nikajua: si maji yaliyorudi.
Ni mimi niliyekwenda.
Tone kwa tone, alfajiri kwa alfajiri,
ulimi wangu ulipatana na bahari
bila kuniuliza.

Siku hizi Diem ndiye anayeshuka, sare ya shule imekunjwa magotini.
Ananisomea namba kwa sauti, naandika ukutani kwa mkaa.
Tatu nukta moja. Mbili kamili.
Leo, sifuri nukta nane. Tulifungua.
Nilisimama juu nikisikiliza majaruba yakinywa,
halafu nikamwambia akirudi arekebishe ule ubao wa tatu.
Hapana, acha. Nitaurekebisha mwenyewe.
Misumari ninayo.