Mswaki wa Jumamosi

Munganga wa meno alinipa mswaki mpya, akasema:
huu si wa mdomo.
Katika chumba cha wagonjwa, mtaa wa Himbi,
tangi la kioo, lita arobaini,
samaki wawili wa rangi ya chungwa
wanazunguka mawe meusi aliyoyaokota nyuma ya uzio.
Nyiragongo imetupa bure, alisema, ya dukani ya nini?

Chumvi inatoka mbali kwa lori,
katika ndoo yenye mfuniko mwekundu.
Bahari tunaikoroga wenyewe kwa mwiko.
Tunaipima. Kipimo kikipotea, tunaionja.

Na mwani unakuja.
Jumamosi nausugua, nauvuta kama nywele zilizoziba bomba;
Jumatatu ni kivuli tu, huwezi kuapa kwamba umekiona;
Jumatano una ndevu;
Ijumaa wagonjwa wanauliza kama samaki wamehama.

Nimepunguza chakula: punje tatu asubuhi, basi.
Konokono watano walikuja toka Kampala ndani ya chupa,
wakala siku nne, ya tano wakafunga milango yao.
Nimeacha maji ya bomba, nikakinga mvua,
mvua ya hapa nayo ina majivu.
Munganga, anayejua kung'oa, anasema: tafuta mzizi.
Mwani hauna mzizi, Munganga.

Lakini kuna neno sikumwambia.
Nilikuwa na miaka saba moto uliposhuka mjini
ukaifunika nyumba yetu ya mbao, na choo, na mti wa parachichi.
Tuliporudi, mama alitembea juu ya jiwe lenye joto bado
akihesabu kwa nyayo: hapa jiko, hapa kitanda, hapa mlango.
Mwaka wa pili, asubuhi moja, alituita kwa kelele
kama mtu aliyeokota pesa.
Katika ufa, unyoya wa kijani,
mdogo kama kope.
Alitukataza kuukanyaga.
Aliunywesha maji aliyooshea mchele.
Ndipo akasema: sasa hapa panajengeka.

Na mimi nalipwa kwa mwezi
kulivua jiwe lile lile
nguo ile ile.

Wiki jana nilisahau simu kazini, nikarudi saa tatu usiku.
Mtaa mzima hauna kurani,
dirisha letu tu linang'aa samawati.
Papa Ntabala, zamu wetu, koti la mvua mabegani,
amekaa kwenye kiti cha wagonjwa,
taa ya tangi ikimmulikia
daftari langu la usafi.
Kidole chini ya neno. Midomo inahangaika.
"Mwa. Mwa... ni."
Aliponiona aliona haya,
kama mgeni aliyekutwa anafunua sufuria.
"Mwani ni kitu gani?"
Nikamwonyesha.
"Kumbe ndicho unachoandika kila wiki?"
"Kila wiki."
"Na unaletwa na nini?"

Nikaitazama taa, ambayo ingezimwa saa kumi na mbili.
Nikatazama kalamu ya risasi, fupi kama jino la mtoto,
nyuma ya sikio lenye mvi.
"Unakuja tu," nikasema.

Leo Jumamosi. Mswaki umechanuka, hauna nguvu.
Nimesugua kioo cha mbele, nimebadilisha ndoo mbili,
samaki wamenifuata mkono, wakidhani nimeleta kitu.
Halafu nimefungua daftari
na nimeandika kwa herufi kubwa, nikiacha nafasi kati ya maneno,
si mwani tu, maana huo ameshaushinda:

CHUMVI imetosha.
KONOKONO hawapo.
JIWE limeota tena, upande wa ukutani.
Taa inawaka vizuri.