King'ora

Ukurasa wa kumi na nane, shujaa wangu bado anahutubia.
Amepanda meza ya wachinjaji tangu Jumatatu,
hataki kushuka.
Maneno yake matamu. Ndiyo shida.

Mchana nauza dawa za kikohozi karibu na mto Uruguay;
jioni Bi. Nahir ananifungulia ofisi ya kiwanda cha nyama,
kiwanda marehemu, njiwa ndio makarani.
"Usile juu ya daftari," ananionya,
kisha ananiletea mkate.

Daftari halihutubii.
Linahesabu: ng'ombe mia tisa, chumvi magunia sitini,
vidole viwili vya Petrona Olazábal, peso nne.
Halafu, siku ya mgomo, mstari mmoja, wino umefifia:
"King'ora hakikulia. Stoyan Velikov alikwenda kununua viazi."

Viazi!
Nikacheka hadi njiwa wakaruka.
Kisha sikucheka.
Mji mzima ulioamshwa na mlio ule miaka ishirini,
watoto, majogoo, mikate ndani ya tanuri,
wote wanangoja kuambiwa kumekucha,
na mtu mmoja sokoni anachagua kiazi,
anakibonyeza, anakirudisha.

Nimemshusha shujaa mezani. Amenuna; atazoea.
Nimeandika:
NDANI. JIKONI. ALFAJIRI.
Mwanamke anatega sikio.
Kimya.
Anaitazama saa, anamtazama mumewe,
anaketi.
Ndiyo mara ya kwanza tunamwona ameketi.

Sijui kama wataelewa kule Montevideo.
Bi. Nahir anatikisa funguo mlangoni.
Bado kidogo, namwambia,
maji ya viazi hayajachemka.