Kadi ya Mia na Nne

Nimepanga chumba Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya fundi cherehani asiyejua kulala.
Kitandani sina nafasi, kuna kadi:
kila kadi neno moja, mtu mmoja, kijiji kimoja,
na pembeni visanduku vya kutia alama.
Kidigo. Kibondei. Kiswahili.
Weka alama moja tu, yasema maelekezo.

Mwalimu wangu aliifanya kazi hii jangwani,
kwenye lahaja za Waberiberi.
Huko, alisema, kuna nafuu: chemchemi, mitende, ukuta wa udongo,
kisha siku nne za mchanga
ndipo umpate mwingine wa kumuuliza maji anayaitaje.
Mchanga wenyewe unakuchorea mpaka.

Mchanga wangu mimi ni muhogo.
Shamba la huyu linaanzia kisiginoni mwa yule.

Pongwe, Jumanne, saa moja asubuhi,
bombani, kwenye foleni ya ndoo:
Mwanatumu binti Semkiwa, miaka hamsini na tisa,
mama Mdigo wa Moa, baba Mbondei wa Magila.
Nikamuuliza, haya unayoyateka yaitwaje?
"Maji," akajibu, akinitazama viatu.
Mama yake mdogo akapita na salamu ndefu;
katikati ya kuitikia nikasikia *madzi*.
Mjukuu akapiga teke, yakamwagika,
na hasira ikaja na ya upande wa baba: *mazi!*

Ndoo moja. Wala haijafika kichwani.

Mama, nikasema, nichagulie moja.
Akacheka hadi kata ikamdondoka.
"Kwani wewe ukishikwa na kiu huchagua?"

Hilo sikuliandika. Halina kisanduku.

Usiku nimetia alama, nimefuta, nimetia,
karatasi imetoboka pale penye Kibondei,
mwanga wa taa unapita.
Nikampigia mwalimu. Akanyamaza kitambo,
kisha akakiri kwamba hata kule palikuwa na mwanamke,
kaolewa kutoka chemchemi ya mbali,
akibembeleza watoto kwa maneno ambayo
sokoni hakuyatamka hata siku moja.
Ulimweka wapi?
"Sikumweka. Niliandika hakuwepo nyumbani."

Kadi ya mia na nne nimeilalia, iko chini ya mto.
Kesho ni Maramba, kadi ishirini,
na kalamu yangu imebakiwa na wino wa robo.