Nimeagwa Mara Tatu

Ghala letu la Barabara ya Pugu lilikuwa la korosho.
Magunia yalihamishwa, harufu ikakataa kuhama;
imeingia kwenye mablanketi, kwenye chai,
na Sajini Mwaipaja anasema tukifika mbele
adui atatujua kwa pua kabla ya jicho.
Alisema hivyo siku ya nne. Tukacheka.
Siku ya kumi na tisa amesema tena.

Filimbi saa kumi na moja alfajiri. Kuhesabiwa.
Jana tulikuwa mia moja na kumi na wawili,
usiku hakuzaliwa mtu, hakufa mtu,
leo tumehesabiwa mara mbili
maana aliyehesabu alipiga mwayo akasahau alipofikia.

Kisha bunduki.
Naifungua, naipangusa, naipaka mafuta.
Mtutu umetakata hata ukichungulia
unaona duara la mwanga, na ndani yake, mbali,
mama muuza vitumbua nje ya seng'enge
anageuza kimoja kimoja kwa spoki ya baiskeli.
Nageuza mtutu upande mwingine, haraka.
Huyo ananidai.

Adhuhuri joto la bati linatushukia kama mkono.
Drafti: vizibo vya bia huku, vya soda kule,
ubao ni mlango wa choo ulong'oka.
Nachundwa hafungwi. Ana sigara za kombania nzima
naye havuti; anazipanga, anazipangua,
anatukopesha sigara zetu wenyewe.

Rutaihwa hachezi.
Kwao ni kulekule, ng'ambo ya mto,
na habari ya mwisho mama yake alikuwa akipalilia migomba.
Sisi tunangoja kwenda vitani,
yeye anangoja kwenda nyumbani.
Hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho relini,
na kila treni ikilia
kidole chake kinafunga kifungo cha mfuko wa shati
kilichokwisha kufungwa.
Hakuna anayemwambia avute subira.
Neno hilo tumeliondoa humu ghalani bila kuagizwa.

Kwangu ni Buguruni. Kwa mguu, nusu saa.
Kuagwa mara ya kwanza walichinja jogoo,
majirani wakaja na mikeka, mama mkwe
akanishika kichwa akasoma dua hadi mwisho,
na Tunu akalia kilio alichokuwa amekiwekea akiba.
Behewa halikuja. Usiku huohuo nikabisha hodi.
Mara ya pili, wali na maharage, dua fupi.
Mara ya tatu Tunu alikuwa kwenye foleni ya sukari:
akanipungia mkono bila kutoka mstarini,
nami sikumlaumu, sukari ilikuwa kweli ipo.
Mwanangu Shomvi, wa miaka mitano, akaniuliza,
"Baba, leo vita wamefunga?"
Kama duka la ushirika.
Nikamwambia wamefunga, wanahesabu mali.

Tangu hapo nikipewa ruhusa namuuzia Nachundwa
kwa sigara mbili.
Mtu akishaliliwa ana deni;
haifai aonekane mtaani
akinunua kiberiti.

Na niseme lisilosemwa paredini:
kuna usiku naomba treni ije,
kuna usiku naomba reli ikatike,
na mara nyingi ni usiku mmoja.

Lindo langu, saa nane hadi saa kumi.
Kitu kikapita kwenye majani. "Simama! Nani?"
Paka akasimama.
Hakujua neno la siri. Nikamruhusu apite.

Halafu reli ikaanza kutetemeka, upande wa mjini.
Nikahesabu mabehewa ishirini na sita,
yote yamefungwa kwa turubai,
hakuna hata moja lenye dirisha.
Halikupunguza mwendo hata moja.
Nyuma yangu, gizani, sauti ya Rutaihwa,
kumbe hakulala:
"Yetu?"
"Ya unga," nikamwambia, sina hakika.
Akakaa kimya kidogo.
"Hata unga," akasema, "umetutangulia."
Nikasikia kifungo kikifunguliwa.
Nikasikia kikifungwa.