Yule Yule

Kola yake arobaini na moja. Bega la kushoto
limeshuka kidogo, tangu Roubaix, tangu utotoni,
alipobeba marobota ya sufu kwa mjomba wake.
Ndimi niliyelificha bega hilo kwa pamba
miaka thelathini na miwili, sindano mdomoni,
katika studio ya Billancourt, chumba kisicho dirisha.

Nilimshonea joho la hakimu. Jumatatu akahukumu.
Jumatano nikalifumua, likawa kanzu ya padri,
akamsikiliza mwizi akiungama, dakika moja na nusu,
na yule mwizi akalia machozi yasiyoandikwa,
hata mwongozaji akasahau kusema basi.
Ijumaa, muuza nyama. Akaniuliza:
"Huguette, muuza nyama hukunja mikono ya shati mara ngapi?"
Sikujua.
Akaenda sokoni alfajiri, akasimama kwenye baridi, akatazama.
"Mara tatu," akarudi nalo. "Ila wa kushoto huteremka."

Wenye nyuso mabangoni walikuwa na majina.
Fulgence Desrumaux alikuwa na kazi.
Mpishi husifiwa; chumvi nani aisifu?
Itoe, basi. Onja.

Alikufa mara kumi na tisa: risasi, sumu, homa,
na mara moja kwa kuporomoka ngazi akiwa na keki
(watu walicheka; kifundo kiliteguka kwelikweli).
Kila kifo nilikifua mwenyewe, kwa maji baridi.
Hata damu ya rangi na sukari haitaki maji ya moto.

Mara moja tu walimpa filamu nzima.
Mtayarishaji akafilisika, mikanda ikabaki makoponi.
Nikampa pole. "Usinipe," akasema.
"Niliona haya. Kamera ilikataa kuondoka."

Halafu ile treni ya kwenda Lille.
Bibi mmoja mbele yetu akamnyooshea kidole:
"Wewe ni yule… yule wa… polisi? La, daktari!"
"Ndiyo, mama. Yule yule."
"Unafanana na kaka yangu. Mgodi ulimla. Hatukuzika kitu."
Fulgence akavua kofia. Aliitwaje?
Alicheka kwa sauti, au kwa mabega?
Mkate aliukataje?
Tulipofika Arras alikuwa ameukumbatia mkate kifuani,
kisu kikija upande wake, polepole,
na bibi amejiziba mdomo kwa glavu.
Kamera haikuwapo. Ujira haukuwapo.
Jina la mwigizaji halikuonekana popote, kama kawaida.

Februari hii wakanipigia simu: njoo umvike.
Nilifungua kabati la mtu aliyevaa kila kitu
nikakuta suti moja, ya kijivu, ya kununua dukani.
Nikapapasa bega la kushoto. Halina pamba.

Sindano ninayo mkobani, daima.
Nilimfunga vifungo, nikamnyoosha kola,
bega nikaliacha lishuke.