Hodi Tatu

Maktaba hii haina rafu wala vumbi.
Niliisakinisha Jumatatu, juu ya duka la saruji hapa Wete,
mistari minne tu:
ufunguo, anwani, jina la tukio, tuma.
Nikaipachika kwenye programu ya uzazi salama
kama mtu anayemvisha mbuzi kengele.

Amefungua. Amesoma. Amerudi nyuma. Amefunga.
Umeme ukikatika, matukio hayapotei:
hujipanga ndani ya simu, husubiri mtandao,
kisha huja yote kwa mkupuo
kama watoto wanaotoka chuoni.

Faki aliipenda grafu.
"Itazame inavyopanda," akasema.
Nikaitazama.

Siku ya kumi na moja nikamwona
mtumiaji 0417, Micheweni.
Saa nane usiku: amefungua "Damu katika mwezi wa tatu."
Saa nane na dakika nne: amefungua tena.
Na saba. Na ishirini.
Mara tisa, ukurasa ule ule.
Kisha kitufe cha kupigia hospitali: amegusa. Ameghairi.
Kisha hakuna kitu.
Tukio liitwalo *amelia*
sikuwa nimeliandika.

Micheweni si mji wa kujificha.
Hesabu wenye mimba changa
na simu ya aina ile,
utabaki na mlango mmoja,
na pengine nimekwisha kula ndani yake.

Kwetu, hata kwa ndugu wa damu,
unapiga hodi tatu.
Usipoitikiwa, unarudi na kapu lako.
Mimi niliingia kimya, viatu miguuni,
nikahesabu mara alizogeuka kitandani.

Nikakaa na msimbo hadi adhana ya alfajiri.
Nikafuta kijiji. Nikafuta aina ya simu. Saa nikaivuruga.
Juu ya *tuma* nikaweka swali, kwa Kiswahili cha nyumbani:
*Hodi. Utaturuhusu kujua unachosoma?*
Chini yake nikaandika sharti:
kimya ni hapana.

Grafu imeanguka pu, kama nazi.
Faki kaja mbio. "Kumeharibika nini?"
Hakuna kilichoharibika, nikamwambia,
watu wamo majumbani mwao.

0417 hayumo tena kwenye orodha.
Sijui kama alipiga simu.
Kutojua huku nimekutaka mwenyewe,
lakini jana nilipita Micheweni kwa kazi nyengine,
na macho yangu, bila kutumwa,
yalihesabu milango.