Haishi

Walianza kubishana kabla nyasi hazijaota juu yake.
Mzee Probert, mwenye duka la mishumaa na ufunguo wa kanisa,
aligonga benchi kwa kidole: Madog haishi.
Ataungua leo na kesho, mtondo na mtondogoo,
na baada ya hapo siku hazina majina.

Mchungaji Ithel, kijana, ndevu bado zinakitafuta kidevu,
alijibu kwa upole: Madog haishi.
Mshahara ni mauti, Mzee, si mateso.
Makapi yakitupwa motoni huwa majivu,
na majivu hayalii.

Neno moja, vinywa viwili.
Mimi nimeketi nyuma, penye mlango unaopitisha baridi,
mjane wake,
na hakuna aliyeniuliza.

Kabla hawajamgawana, wajue wanagawana nini.
Madog alichoma chokaa juu ya Cwm Helyg miaka kumi na tisa.
Alijua kuimba besi. Alijua kuchonga vijiko.
Alijua pia mahali ubavu wa mwanamke hukubali kuvunjika:
wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto.
Mvua ikianza safari mlimani, mimi huijua kabla ya kondoo.

Januari ile, theluji magotini, amelewa,
alipanda akalala ukingoni mwa tanuri apate joto.
Hewa ya tanuri haina harufu wala haraka.
Walimkuta asubuhi, mashavu mekundu kama bwana harusi,
nywele za upande mmoja zimeungua.
Ishara, alisema Probert.
Ajali, alisema Ithel.

Nikiri: kuna usiku niko na Probert.
Nahesabu. Kofi moja, mwaka mmoja wa moto.
Lile la sikio hili lisilosikia tena sauti nyembamba, mia.
Nahesabu mpaka namba zinaniishia,
na hapo namsikia akikohoa,
kikohozi kilekile cha vumbi, mara tatu, kisha anasafisha koo.
Nani ataniziba masikio huko juu?
Nitaimbaje na wateule,
nami kati ya vilio vyote nakijua kimoja?

Na kuna usiku niko na Ithel.
Aishe. Azimwe kama utambi
kwa vidole viwili vilivyolowa mate.
Kukicha nauliza: kama hayupo popote,
hata mahali pa kujutia,
nani atasema, Ndiyo, Tangwen, ni mimi niliyekuvunja?
Majivu hayalii.
Hayaombi radhi pia.

Jumapili ya sita mabenchi yalikuwa yamegawanyika,
wa moto kushoto, wa majivu kulia,
bibi Heledd katikati na soksi anayofuma, hajaamua.
Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho
nikaenda tanurini kununua chokaa debe moja.
Ukuta wa jikoni una doa:
chungu cha supu, mwaka wa pili wa ndoa.

Jiwe lililochomwa siku nne ni jepesi, jeupe, baridi kabisa.
Unalishika mkononi. Unadhani limekwisha.
Limwagie maji: linanguruma,
linapasuka, linatema mvuke,
ndoo inatokota bila kijiti cha moto chini yake.
Na hiyo ndiyo tunayoiita kuzima chokaa.

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu sikucheka.

Nikapaka. Mkono wa kwanza, doa likabaki vilevile.
Mkono wa pili, likawa kama ramani ya nchi ya mbali.
Jioni Probert alibisha hodi, kofia kifuani, karatasi mkononi:
watu wa upande wake wanatia sahihi,
na sahihi ya mjane ina uzito.

Nilimwambia kwanza anisogezee ile ndoo.
Akaishika.
Akaiachia.